Mdogo Wangu Alivaa Gauni la Kuzikiwa la Bibi, na Bibi Amekaa Kiti cha Mbele

Jumapili ya sikukuu ya mavuno, mdogo wangu Ernesta aliingia kanisani kule Vudee akiwa amevaa gauni ambalo bibi yetu amelitunza ili azikwe nalo.

Bibi hajafa. Bibi alikuwa amekaa kiti cha mbele, mzima kabisa, kapu lake la maharage ya sadaka liko miguuni.

Najua tayari kuna mtu ameshaandika "chai" hapo chini, kwamba natunga. Ndugu yangu, kunywa hiyo chai taratibu, mimi naendelea.

Ernesta ni mdogo wangu wa tumbo moja, ananifuata mimi. Mambo mengine niliyashuhudia kwa macho yangu. Mengine kanieleza mwenyewe, analia, anapenga kamasi kwa khanga yangu mpya. Na ruhusa ya kuandika kanipa. Kasema, "Andika, dada Beatha. Na jina langu liweke."

Haya, nimeliweka.

Ernesta anauza kwenye duka la steshenari hapa Same, karibu na stendi. Mtoto mzuri, mchapakazi, hana makuu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nguo.

Mwaka huu ni wa jinzi na hudi. Mwaka unaofuata ni wa magauni ya maua mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mara akaja na rangi za uji, beji na krimu na kahawia ya maziwa, ananiambia ndivyo wanavyovaa watu wenye hela.

Nikamuuliza, "Na wewe hela zako ziko wapi?"

Akacheka, akaenda kununua koti la rangi ya uji.

Jamani, kubadilika si kosa. Mimi mwenyewe kabla ya watoto nilikuwa navaa viatu virefu, nikipita watu wanageuka. Sasa hivi naenda na yeboyebo mpaka benki. Mtu anakua, anajitafuta, hilo sina shida nalo.

Shida ilikuwa kila staili ikija, inakuja na mzigo wake. Kuna dada anaitwa Mwanaidi, anauza mitumba pale sokoni. Akifungua balo tu, picha zimeshafika kwenye simu ya Ernesta. "Bebi, hii ni wewe kabisa." Na kila kilichotoka kwenye balo kilikuwa Ernesta kabisa.

Mpaka siku chuma cha kabati kikakatika.

Alikuwa anakula, akasikia kishindo chumbani. Akapiga kelele za mwizi. Jirani akaja mbio na panga. Kufungua mlango, mlima wa nguo sakafuni, kabati limeinama kama linatapika.

Jirani akashusha panga lake. "Dada, kumbe na wewe unauza mitumba?"

Ernesta aliona aibu siku ile. Nguo nyingine zilikuwa bado zina vile vikaratasi vya bei, hazijawahi kuona jua. Akakaa juu ya ule mlima, akaapa. Mwaka mzima hanunui nguo. Staili atabadilisha akitaka, lakini kwa kilichopo.

Mimi nikampa wiki moja.

Nitasema ukweli, aliweza. Jinzi za zamani alizipeleka kwa fundi Athumani, zikatoka sketi. Gauni la maua likakatwa likawa blauzi. Akabadilishana na mashoga zake, wewe nipe hiki mimi nikupe kile. Na alipendeza kuliko alipokuwa ananunua. Nilianza kujivunia.

Sasa sifa zikamnogea.

Kila asubuhi status. "Mwezi wa nne, sijanunua hata kitambaa cha mkononi." "Mwezi wa sita, nguo ni akili siyo pesa." Watu wanampigia makofi, wanamuomba ushauri. Akageuka mwalimu. Nilinunua blauzi moja mnadani, moja tu, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Dada, lakini ulikuwa unaihitaji kweli?"

Nilitamani nimzabe kibao.

Mwezi wa nane upepo wa staili ukavuma tena. Safari hii ilikuwa vinteji, mambo ya kizamani. Makola ya kufuma kwa mkono, mikono mirefu, vifungo vidogo vidogo. Akawa halali kwa kuangalia picha za hayo magauni. Na kabatini kwake hakuna hata moja. Kununua kajifungia mwenyewe, na mtandao mzima unamtazama.

Hapo ndipo akamkumbuka Bibi.

Bibi yetu anaitwa Asteria, anaishi Vudee, peke yake kwa kupenda kwake. Mimi alinilea yeye. Ernesta alikulia hapa Same kwa mama, huko mlimani ni mtu wa Krismasi, na Krismasi yenyewe anaenda kupiga picha kwenye migomba.

Jumamosi moja akapanda. Kafika, kasalimia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda."

Akamwambia Bibi anachotaka. Nguo moja tu ya zamani, ile ambayo haivai tena, aitengeneze avae yeye. Bibi akafurahi sana. Nani siku hizi anataka nguo ya kikongwe? Akamwambia, "Zangu ziko pale nyuma ya mlango. Chagua yoyote." Akaenda zake kwa jirani kupukuchua maharage.

Nyuma ya mlango kulikuwa na sweta lililotoboka viwiko, sketi mbili zilizopauka, na koti la mvua la marehemu babu. Hakuna cha kuweka status hapo.

Ernesta akatupa macho chini ya kitanda. Akaona sanduku.

Bibi hakuwa amesema neno juu ya sanduku. Hakukataza wala hakuruhusu. Ernesta akajiambia, si kasema yoyote? Akalivuta.

Ndani kulikuwa na khanga safi. Ndani ya khanga, gauni jeupe la kitambaa kizito, limepigwa pasi mpaka linasimama. Mikono mirefu. Kola ya kufuma kwa mkono, nzuri mno. Kando yake soksi nyeupe mpya, na glavu nyeupe.

Wewe unayesoma umeshashtuka. Mtu yeyote aliyewahi kushiriki kumvisha marehemu, akiona gauni jeupe, soksi nyeupe na glavu nyeupe pamoja, anafunga sanduku na kuomba radhi.

Ernesta aliwaza, "Jamani Bibi alikuwa mrembo! Mpaka glavu!"

Naapa, ndivyo alivyowaza. Kaniambia mwenyewe huku amejifunika uso.

Akachukua gauni, akaliingiza kwenye begi, sanduku akalirudisha. Bibi aliporudi akamwambia, "Bibi, nimepata moja nzuri sana, asante." Bibi akajibu, "Vaa, mjukuu wangu, upendeze." Alidhani ni moja ya zile za nyuma ya mlango.

Sasa nikueleze hilo gauni ni nini.

Wamama wa umoja wa kanisa la Bibi wana desturi yao. Mwenzao akishakuwa mtu mzima sana, wanamshonea gauni lake la mwisho akiwa bado anaona. Hawasubiri afe ndipo wakimbizane madukani. Mmoja anakata, mwingine anashona mikono, mwingine anafuma kola, kila mmoja anaweka mkono wake. Wakimaliza wanampelekea nyumbani kwa nyimbo, wanakunywa chai, wanaomba. Mwenyewe analihifadhi. Kila kiangazi analitoa analianika lisipate ukungu.

La Bibi nimelianika kwa mikono yangu. Kola ile ningeitambua hata gizani.

Ernesta akalipeleka kwa fundi Athumani. Akaagiza mikono iondolewe, kiuno kibanwe, na urefu ukatwe juu ya magoti.

Fundi akakata.

Jumapili ya mavuno ikafika. Mimi niko Same, namenya ndizi, mkono mmoja kisu mkono mwingine simu. Nafungua status. Namuona mdogo wangu amesimama mbele ya kioo, kajishika kiuno. Maandishi yanasema, "Sijatoa hata mia. Sanduku la Bibi ndiyo duka langu. Tukutane kanisani Vudee."

Kisu kilinidondoka. Nikakuza ile picha nione kola.

Mungu wangu.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Alikuwa ameshapanda bodaboda, na barabara ile ya mlimani ina kona ambazo mtandao unakata kabisa. Nilikaa na yale maganda ya ndizi mapajani, nikashindwa hata kuomba.

Alifika ibada imeshaanza, watu wamesimama wanaimba. Kanisa limejaa, mikungu ya ndizi, majogoo, magunia ya mahindi, kila kitu kimepangwa mbele. Akaona Bibi yuko kiti cha kwanza. Akaamua kupita katikati mpaka kule, akakae naye.

Alivyokuwa anapita, sauti za wamama zikaanza kukatika. Kiti kwa kiti. Mpaka anafika katikati ya kanisa, wanaoimba ni wanaume peke yao, besi tupu.

Unajua Ernesta alidhani nini? Alidhani wamelipenda gauni.

Akapunguza mwendo ili waone vizuri.

Alipofika hapo kunieleza, alishindwa kuendelea. Ilibidi nimletee maji.

Akafika mbele. Bibi akageuka. Akamtazama kuanzia kwenye kola, akashuka kifuani, kiunoni, mpaka kwenye magoti yaliyo wazi.  Akasogeza kapu, akampa nafasi. Halafu akavua khanga yake begani, akamfunika.

"Baridi," akamwambia.

Ibada ikaendelea. Ernesta akawa anahisi kuna jambo, ila hajui ni lipi. Mama aliyekaa upande wake wa pili alijisogeza mpaka pakabaki pengo la mtu mmoja kati yao.

Walipotoka nje kwa ajili ya mnada wa mazao, Mama Clemence, mwenyekiti wa umoja wa wamama, akamfuata Ernesta. Mwanamke mnene, mpole, ana sauti ndogo.

"Shikamoo Mama Clemence."

"Marahaba. Hebu njoo huku nyuma kidogo."

Wakaenda kwenye tangi la maji. Mama Clemence akanyoosha kidole, akaigusa kola.

"Hili gauni umelitoa wapi?"

"La Bibi. La zamani, nimelirekebisha tu."

"La zamani? Kola hii nimefuma mimi mwaka juzi, nikiwa na macho mabovu hivihivi."

Ernesta akatabasamu, kumbe fundi ni huyu! Akafungua mdomo amsifie. Mama Clemence akamuwahi.

"Mwanangu, hili ni gauni la kumzikia bibi yako."

Ernesta anasema masikio yalilia ngiii. Aliona midomo ya Mama Clemence inaendelea kusema na hasikii kitu. Aliyeshona ile mikono mirefu, ile iliyoondolewa, alikuwa Mama Hedwiga. Mama Hedwiga walimzika mwaka jana. Hilo alilisikia.

"Tutamshonea jingine?" akauliza Ernesta.

"Na nani? Tumebaki wenye macho wachache. Na la kushonewa mara ya pili, mtu mzima anaona kama tunamharakisha."

Sasa aende wapi? Begi lenye nguo nyingine alikuwa amelitua nyumbani kwa Bibi kabla ya kuja ibadani, na nyumbani kwa Bibi ni kushuka bonde na kupanda. Mnada ndiyo kwanza unaanza. Ikabidi asimame palepale, mbele ya kijiji kizima, amevaa sanda ya bibi yake imekatwa juu ya magoti, wakati watu wanashindania jogoo.

Alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa anavuta upindo chini kwa mikono miwili, akivuta chini, mabega yanafunuka. Akirudisha khanga mabegani, magoti hayo. Na mkononi simu imepata mtandao, inalia ting, ting, ting, watu wanaweka makopakopa kwenye ile picha.

Akaifuta picha. Wameshaiona.

Nyumbani kwa Bibi akalivua gauni, akalikunja, akampa Bibi kwa mikono miwili. Akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

Bibi akalipokea. Akaligeuza ndani nje, akakagua mshono. "Fundi wako anajua kazi."

"Bibi..."

"Ulipoona soksi na glavu ulifikiri ni nini?"

Ernesta akajibu kwa sauti ya chini sana, "Nilifikiri ni fasheni ya zamani."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajipangusa macho na upande wa khanga. Halafu akaendelea kujipangusa, na Ernesta akaona kuwa siyo kicheko tena.

"Nililipenda," Bibi akasema. "Nilikuwa nalitoa jioni nalitazama. Nikilitazama nilikuwa siogopi."

 Akaenda kuwasha moto wa chai.

Ernesta alirudi Same siku hiyohiyo. Asubuhi yake mtu wa kwanza fundi Athumani kumuona alikuwa yeye, macho yamevimba.

"Fundi, vile vipande vya gauni jeupe viko wapi? Mikono na upindo?"

"Nimejazia mto, dada. Kwani vipi?"

Akamweleza. Fundi akasimamisha cherehani. Akaweka mkasi mezani, akausukuma mbali naye kidogo.

"Astaghfirullah. Umeniletea sanda ya mtu aliye hai niikate, mimi? Na hukuniambia?"

"Sikujua, fundi!"

"Hukuuliza." Akatikisa kichwa. "Kuunga naweza. Ila kiungo kitaonekana, sikudanganyi. Na yeye ndiye atakayekiona kila siku."

Ernesta akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Mwanaidi. Kiapo chake cha mwaka mzima hata hakukikumbuka. Akachambua balo zima akitafuta gauni jeupe la heshima. Mwanaidi anamtolea la harusi, anamtolea la kipaimara, anamwambia, "Hili ni wewe kabisa."

"Si la kwangu," akasema Ernesta, akaanza kulia katikati ya mitumba.

Akampigia Bibi. Nilikuwa naye, simu ikawekwa sauti kubwa.

"Bibi, nakununulia jipya. La dukani. Niambie tu unataka la namna gani."

"Usininunulie kitu."

"Bibi nakuomba."

"Wewe ulichagua kwenye sanduku langu. Na mimi nitakuja nichague kwenye lako. Si unazo nyingi? Jumatano nitateremka."

Akakata.

Sasa hapo ndipo utamu, au niseme uchungu. Jumanne yote Ernesta alikuwa anahamisha nguo kuja kwangu. Vile vigauni vya mgongo wazi, vile vya kupasuka mpaka paja, vile ambavyo mimi mwenyewe sikujua vinavaliwa upande gani. Mume wangu kurudi kazini akauliza kama tumefungua biashara.

Jumatano Bibi akafika, na kilemba chake na miwani yake. Nikampokea, nikampeleka kwa Ernesta. Akakaa kitandani, akasema, "Lete."

Ernesta akawa anatoa moja moja.

"Hii?"

"Hii ni ya kuvaa juu ya nyingine, Bibi."

"Na hiyo nyingine iko wapi?"

Ernesta akatoa nyingine haraka.

"Hii suruali imechanika magoti. Ulianguka?"

"Hapana. Ndivyo ilivyouzwa."

"Hii ulivaa lini?"

"Bado sijavaa."

"Na hii?"

"Bado, Bibi."

"Na hii?"

Mwanzoni mimi nilikuwa nageukia ukutani nicheke. Baadaye kicheko kikaisha. Bibi hakuwa anafoka. Alikuwa anauliza kama mtu anayenunua kweli, anapapasa kitambaa, anaangalia mshono, anaiweka pembeni vizuri bila kuikunjakunja.  Kitanda kikajaa. Kiti kikajaa. Mtoto wa watu kasimama katikati ya nguo zote zile, na hakuna hata moja inayofaa kumzika mtu mmoja.

"Zimeisha?" Bibi akauliza.

"Zimeisha."

"Na lile begi huko nyuma ya kabati?"

Ernesta akashtuka. Anasema alikuwa ameshalisahau kabisa, na nilimuamini, maana nilimuona uso. Nikalivuta mimi. Lilikuwa na vumbi. Ndani kulikuwa na mashuka, viatu vya shule, na chini kabisa, kitenge.

Kilikuwa ndani ya nailoni yake ileile ya dukani. Cha bluu ya giza, kina ndege wa njano. Hakijafunguliwa hata mara moja.

Mimi nilikitambua kabla sijakitoa chote. Ernesta alipomaliza chuo, Bibi aliteremka Same mwenyewe kukichagua. Alizunguka maduka yote ya vitenge na mimi nyuma yake, miguu inamuuma, hiki anakataa, hiki anakataa, mpaka akakuta hawa ndege. Akampa Ernesta mbele ya watu kwenye mahafali. "Ukashone, mjukuu wangu." Lakini mwaka ule Ernesta alikuwa wa jinzi na hudi, na vitenge ni vya wamama.

Na si hilo tu. Kila Bibi alipopiga simu alikuwa anakiulizia. Ernesta alikuwa anajibu, "Nilishashona, Bibi! Gauni la mabega ya puto! Kila nikilivaa watu wananisimamisha njiani." Mara nyingine nilikuwa nimekaa pembeni yake nasikia, na sikusema kitu. Bibi akawa anawasimulia wenzake wa umoja jinsi kitenge chake kinavyosifiwa mjini.

Sasa kitenge kiko mapajani mwake, ndani ya nailoni.

 Ernesta alikuwa amekauka, mkono mmoja umeshika mlango wa kabati. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Bibi akafungua nailoni taratibu. Akakinusa. Akakipapasa kwa kiganja kuanzia pindo hadi pindo, akawahesabu wale ndege kwa kidole kama mtoto.  Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kawaida tu.

"Kumbe ulikuwa unanitunzia."

Jamani.

Ernesta angeweza kusema ukweli hapo. Nilimkazia macho, sema, sema basi, omba msamaha yaishe. Mdomo ukafunguka.

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa, mara moja, polepole. Akakunja kitenge chake.

"Basi nimechagua hiki. Mwambie fundi wako anishonee lile la mabega ya puto. Lile ulilonieleza kwenye simu."

Akainuka, akaomba nimsindikize akapumzike kwangu. Hakugeuka nyuma. Ernesta alibaki kwenye lile lundo, na nilipofunga mlango nilisikia analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu tumezaliwa.

Ndiyo maana kaniambia niandike. Kasema lile gauni alikosea kwa ujinga, na ujinga unasameheka. Kinachomnyima usingizi ni hiyo "Ndiyo, Bibi." Alipewa nafasi ya kutubu, akaitumia kudanganya tena, na aliyedanganywa alikuwa anajua.

Basi ndugu zangu, staili badilisheni. Leo vaa jinzi, kesho vaa gunia, hakuna atakayekukamata. Usiponunua hovyo, ni vizuri zaidi, kabati lako litapumua. Lakini usijione umeshakuwa mtakatifu kwa sababu hujatoa hela. Nguo ina mtu wake. Kuna aliyeichagua huku miguu inamuuma, kuna aliyeifuma na macho mabovu, kuna anayeitazama jioni ili asiogope. Uliza kwanza. Na ukipewa, vaa, hata mara moja, hata kama siyo staili yako ya mwaka huo.

Gauni la ndege limekamilika jana. Fundi Athumani kakataa hela ya kushonea, na kalishona mchana kutwa mlango umefungwa, hataki wateja wamsumbue. Mabega ni ya puto kama lilivyoagizwa. Limepigwa pasi, liko kwangu ndani ya khanga.

Ernesta anapanda nalo Jumamosi. Kasema atapiga magoti palepale mlangoni, kabla ya shikamoo, amjibu Bibi upya.

Kwa hiyo mlioko Vudee ambao mmeshaisoma hii, najua mpo, na najua mnavyopenda kusomeana. Nawaomba kwa heshima zote. Msimsomee Bibi kabla ya Jumamosi. Mwacheni aisikie kwa mdomo wa mjukuu wake.